Uzamivu wa usimamizi wa migogoro na maafa: unasomea nini hasa?

Wengi wanaoulizia shahada hii ya uzamivu (PhD) si vijana waliomaliza chuo jana. Ni maofisa wa zimamoto, wauguzi wa vitengo vya dharura, wanajeshi wanaokaribia kustaafu, wahandisi, na wafanyakazi wa mashirika ya misaada waliokwishazunguka kambi za wakimbizi kwa miaka. Wana uzoefu mkubwa na rundo la vyeti, na wanachotarajia ni mafunzo yale yale waliyoyazoea, ila ya ngazi ya juu zaidi: kuongoza operesheni kubwa, kuendesha kituo cha uratibu, kuandika mpango wa dharura wa taifa zima. Wakishadahiliwa wanagundua kwamba hakuna anayekusudia kuwafundisha hayo. Wanakutana na msimamizi ambaye kila kikao anarudia jambo moja: swali lako la utafiti ni lipi?

Mkanganyiko unaanzia hapo. Uzamivu haumfanyi mtu kamanda bora. Ni shahada ya kuuliza swali moja finyu ambalo halijajibiwa, kulijibu kwa ushahidi, na kulitetea jibu hilo mbele ya watahini ambao kazi yao ni kulitilia shaka. Anayetaka kuongoza uokoaji atafaidika zaidi na shahada ya uzamili iliyo nzuri pamoja na miaka ya kazi. Ni heri kulisema hili mapema, maana miaka minne au sita ni mingi mno kuitumia kutafuta kitu ambacho hukukihitaji.

Tasnifu tatu

Njia nyepesi ya kuielewa shahada hii ni kutazama tasnifu zenyewe.

Asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917 meli mbili, Mont-Blanc na Imo, ziligongana katika bandari ya Halifax, Kanada. Mont-Blanc ilikuwa imesheheni vilipuzi vya vita. Ikashika moto, watu wakasogea madirishani kutazama, kisha ikalipuka. Karibu watu 2,000 walikufa na wengine 9,000 hivi wakajeruhiwa, wengi wao machoni, kwa vioo vya madirisha hayo hayo. Samuel Henry Prince, kasisi aliyekuwa akihudumu mjini humo, baadaye alikwenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na mwaka 1920 akatoa tasnifu ya udaktari juu ya mlipuko huo. Hakuandika jinsi ya kuzima moto wa meli. Aliuliza jamii iliyovunjwa namna hiyo hubadilika vipi. Jibu lake lilikuwa la tahadhari: maafa hulegeza mambo yaliyokuwa yameganda na kuyafungulia njia mabadiliko, lakini si lazima mabadiliko hayo yawe maendeleo. Tasnifu hiyo ndiyo inayotajwa sana kuwa ya kwanza kuyachunguza maafa kwa utaratibu wa sayansi ya jamii.

Ya pili ni ya Gilbert White, mwanajiografia, aliyeikamilisha Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1942. White alikuwa amefanya kazi serikalini Marekani katika masuala ya maji, akiona fedha nyingi zikimwagwa kwenye mabwawa na matuta ya kuzuia mafuriko huku hasara za mafuriko zikiendelea kupanda. Alichokionyesha ni kwamba tuta lenyewe lina lawama. Watu wakiona tuta, wanajenga nyuma yake. Siku maji yanapolipita, kilichoko chini ni mji mzima badala ya malisho. Kwa hiyo akadai kwamba ujenzi wa tuta ni mbinu moja tu kati ya nyingi: kuna kuinua nyumba, kuna kupanga matumizi ya ardhi, kuna tahadhari ya mapema, kuna bima. Mwaka 1966 aliongoza kikosi kazi cha serikali kuhusu sera ya mafuriko, na mwaka 1968 Marekani ikaanzisha mpango wa taifa wa bima ya mafuriko. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita tangu tasnifu hadi sheria. Anayesoma uzamivu akitumaini kwamba sera itabadilika akiwa bado amevaa joho anajidanganya.

Ya tatu ni ya karibu zaidi. Julai 1995 joto kali liliikumba Chicago na watu zaidi ya 700 wakafa, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Eric Klinenberg, aliyesomea uzamivu wa sosholojia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichukua mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Jua lilikuwa lile lile. Pande zote mbili zilikuwa na wazee maskini wanaoishi peke yao. Hata hivyo kiwango cha vifo katika mtaa wa kwanza kilikuwa karibu mara kumi ya kile cha wa pili. Tofauti aliikuta barabarani: North Lawndale ulikuwa umebaki na viwanja vitupu, maduka yaliyofungwa na wazee wanaoogopa kutoka nje, South Lawndale ulikuwa na maduka, watu na pilikapilika, na mzee aliyezidiwa na joto alikuwa na mahali pa kwenda kwa miguu bila hofu.

Tazama walichoacha kukiuliza. Hakuna kati yao aliyeuliza "maafa yasimamiweje vizuri zaidi". Kila mmoja alishika fumbo moja, mahali panapojulikana, akaling'ang'ania hadi likafunguka. Klinenberg alikuwa na kitu ambacho kila mtafiti wa fani hii hukitamani, yaani mahali pawili panapofanana karibu kwa kila kitu isipokuwa matokeo.

Mikondo miwili chini ya jina moja

Jina la shahada hii linaunganisha mikondo miwili ya kitaaluma iliyoanzia mahali tofauti, na vyuo havieleweshi sana jambo hili kwenye tovuti zao.

Mkondo wa migogoro, kwa maana ya hali za hatari zinazodai uamuzi wa haraka, ulikulia katika sayansi ya siasa na shule za biashara. Mfano wake mkuu ni siku 13 za Oktoba 1962, Marekani na Urusi ya Kisovieti zilipokaribia kuingia vita vya nyuklia kwa sababu ya makombora yaliyowekwa Cuba. Kinachochunguzwa hapo ni uamuzi: viongozi wana tishio kubwa, muda mfupi na habari pungufu, nao lazima waamue. Upande wa biashara hurejelewa sana kisa cha 1982, watu saba walipokufa katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sianidi na mtu asiyejulikana, na kampuni ikaamua kurudisha kutoka madukani chupa milioni 31 hivi. Katika mkondo huu mtu anaweza kuandika tasnifu nzima bila nyumba hata moja kuanguka.

Mkondo wa maafa ulitoka kwa wanajiografia, wanasosholojia, wahandisi na watu wa afya ya umma. Mwaka 1963 Enrico Quarantelli, Russell Dynes na Eugene Haas walianzisha kituo cha utafiti wa maafa katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Mwaka 1985 kikahamia Chuo Kikuu cha Delaware, kiliko hadi leo. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa kubomoa imani ambazo maofisa wengi bado wanazo: kwamba tetemeko likipiga watu watapagawa, watakanyagana na kuanza kupora. Walichokuta tena na tena ni kwamba watu husaidiana, tena upesi. Baada ya tetemeko la Kobe, Japani, la Januari 1995, wengi wa waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na jamaa na majirani kabla vikosi rasmi havijafika.

Mkondo huu ndio uliozaa hoja ambayo sasa kila mwanafunzi huikuta wiki ya kwanza: tetemeko ni la asili, maafa si ya asili. Hoja hiyo ilitangazwa waziwazi katika jarida la Nature mwaka 1976, lakini mwaka 2010 ndio uliowapa walimu mfano wa darasani. Januari 12 Haiti ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.0. Februari 27 Chile ikapigwa na la 8.8, ambalo lilitoa nishati takriban mara 500 zaidi. Chile ilipoteza watu 500 na ushei. Haiti, makadirio ya chini kabisa hayafiki laki moja, na ya serikali yanapita laki tatu. Mfano huu una nguvu, ingawa naona hutumika kivivu kidogo: kitovu cha tetemeko la Haiti kilikuwa karibu sana na mji mkuu wenye msongamano, na cha Chile kilikuwa baharini. Ubora wa majengo na umaskini vinaeleza mengi, haviwezi kueleza yote. Mtahini mkali atakuuliza umetenganishaje kimoja na kingine.

Kwa mwombaji maana yake ni hii. Tasnifu inayochunguza jinsi bodi ya hospitali inavyoamua katika saa za kwanza za shambulio la mtandao, na ile inayochunguza kwa nini familia zilizofurikiwa hurudi kujenga bonde lile lile, zinaweza kubeba jina moja la shahada. Maandiko utakayosoma si yale yale, mbinu ni tofauti, na majarida yatakayopokea makala zako ni mengine. Amua mapema umesimama upande gani, hata kama mwishoni utavuka.

Umbo la shahada

Hapa nitapita haraka. Marekani, mwanafunzi huanza na kozi za darasani kwa miaka miwili hivi, hufanya mitihani ya kufuzu, kisha huingia kwenye tasnifu. Miaka minne hadi sita ni kawaida. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya humwingiza mtu kwenye utafiti moja kwa moja kwa miaka mitatu au minne, kwa hiyo hutarajiwa afike na swali lililokwishaiva. Uholanzi na nchi za Skandinavia kwa kawaida humwajiri mwanafunzi wa uzamivu na kumlipa mshahara. Kwingineko hutegemea ufadhili wa mradi, kazi ya usaidizi wa kufundisha, au mfuko wako mwenyewe, na hili la mwisho ni la kufikiriwa mara mbili.

Pia kuna udaktari wa kitaalamu, ambao huwalenga walio kazini: utafiti wake huanzia kwenye tatizo la kazini, na mara nyingi husomwa kwa mbali. Chuo Kikuu cha Jacksonville State, Alabama, kwa mfano, hutoa udaktari wa sayansi katika usimamizi wa dharura. Si shahada ya daraja la pili, lakini milango inayofungua ni mingine. Anayelenga kuwa mhadhiri na mtafiti hufaa achukue uzamivu wa kawaida. Anayetaka kubaki kwenye taasisi yake na kupanda cheo anaweza kutoshelezwa kabisa na ule wa kitaalamu. Na popote unapoomba, hakikisha chuo kimeidhinishwa na mamlaka ya elimu ya nchi husika; viwanda vya kuuza shahada hupenda sana fani mpya zenye majina makubwa.

Usidhani pia kwamba lazima idara iwe na neno "maafa" kwenye bango. White alikuwa idara ya jiografia, Klinenberg sosholojia. Idara maalumu zipo, kama Delaware, au ile ya kupunguza hatari na maafa ya University College London iliyoanzishwa mwaka 2010, na huko utapata wenzako wa kuzungumza nao. Lakini huko huko hatari yake ni kujua kidogo kuhusu kila kitu na kukosa mbinu moja unayoimudu hadi mwisho.

Data inayooza

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Mwanafunzi wa kemia hurudia jaribio wiki ijayo. Wa maafa hawezi kuagiza kimbunga. Akichagua tukio la zamani, mashahidi wamesahau au wamesimuliana hadi masimulizi yamefanana. Akisubiri jipya, huenda lisitokee ndani ya muda wa ufadhili. Likitokea, ushahidi unaanza kupotea siku ile ile: alama ya maji ukutani hudumu hadi mwenye nyumba apake rangi, vifusi huzolewa, madaftari ya kituo cha uratibu hutupwa, na mkuu wa kituo huhamishwa.

Ndipo wanafunzi wengi hukimbilia hifadhidata, nazo zina mitego. Inayotumiwa zaidi duniani ni EM-DAT, iliyoanzishwa mwaka 1988 na kuhifadhiwa Ubelgiji, katika chuo kikuu cha UCLouvain. Ili tukio liingie humo linahitaji kutimiza angalau sharti moja: vifo 10 au zaidi, watu 100 au zaidi kuathirika, kutangazwa hali ya dharura, au kutolewa wito wa msaada wa kimataifa. Maporomoko yaliyoua watu wanne na kufukia nyumba sita hayaonekani. Yakijirudia kila masika kwa miaka ishirini, nchi nzima inaweza kuwa inadhoofika bila kuwa na maafa hata moja kwenye jedwali. Ni kwa sababu hiyo watafiti wa Amerika ya Kilatini walianzisha mfumo wa DesInventar mwaka 1994, kuhesabu yale madogo. Mawimbi ya joto nayo huhesabiwa kwa kulinganisha vifo vya kipindi hicho na vya kawaida. Joto la Ulaya la mwaka 2003 lilikuja kukadiriwa kuwa liliua zaidi ya watu 70,000, na wengi wao hakuna hati ya kifo iliyoandika "joto".

Hata namba zikiwa nzuri, kueleza kilichozisababisha ni kazi nyingine. Bangladesh ilipoteza watu wasiopungua laki tatu katika kimbunga cha 1970, karibu 140,000 mwaka 1991, na zaidi kidogo ya 3,000 katika kimbunga Sidr cha 2007. Mteremko huo ni moja ya mafanikio makubwa kabisa ya fani hii. Lakini nani apewe sifa? Baada ya 1970 uliundwa mpango wa watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti. Baada ya 1991 yalijengwa majengo mengi ya kujihifadhi. Wakati huo huo utabiri uliboreka, barabara zilijengwa, simu za mkononi zikaenea, wasichana wakasoma. Na vimbunga vyenyewe havikulingana kwa nguvu wala kwa mahali vilipotua. Anayeandika "tahadhari ya mapema ilipunguza vifo" amesema kweli, ila hajaandika tasnifu bado.

Mhojiwa ana swali pia

Mtafiti ameketi kwenye hema la waliohamishwa, fomu ya ridhaa mkononi. Amemaliza kueleza kwamba utafiti ni wa hiari na majina hayatatajwa. Mama aliye mbele yake anasaini, kisha anauliza: "Jina langu litaingia kwenye orodha ya mgao?" Umeshamwambia hapana. Hakukusikia, au amekusikia na bado anatumaini. Majibu atakayotoa kuanzia hapo yameshapinda kuelekea anachodhani unataka kusikia.

Kamati za maadili za vyuo hulijua hili, ndiyo maana huchelewa. Huuliza kama waliofiwa wataumizwa upya na maswali, nani atawasaidia wakizidiwa, na kwa nini usihoji maofisa badala yao. Idhini huweza kuchukua miezi, na miezi hiyo ndiyo data inaoza. Wanaoiweza kazi hii huandika itifaki mapema, kabla tukio halijatokea, wakaipatia idhini ya jumla, kisha hubaki kuongeza tu jina la mahali. Huwa pia wamefungamana na watafiti wa eneo husika, wanaojua lugha na walioingia tayari katika mitandao ya watu. Maafa makubwa huvuta watafiti kwa makumi kutoka mbali, na familia moja huweza kuhojiwa na timu tatu ndani ya wiki moja bila kusikia matokeo ya hata timu moja.

Mwenye uzoefu wa kazi ana mtihani wake wa pekee. Ofisa aliyeongoza uokoaji kwa miaka 15 anafunguliwa milango ambayo mwanafunzi wa kawaida hawezi hata kuikaribia, na anajua ripoti rasmi inaficha nini. Lakini wadogo zake kazini hawatamwambia kwamba amri zake ndizo zilizochelewesha msafara, naye ana tabia ya kuona jibu kabla ya kuhoji mtu wa kwanza. Msimamizi mzuri humtaka aandike mwanzoni kabisa, kwenye ukurasa mmoja, matokeo anayoyatarajia, ili mwishoni waone kama utafiti ulimshangaza popote.

Kutoka mada hadi swali

Mapendekezo mengi hukataliwa kwa sababu yana mada tu. "Mabadiliko ya tabianchi na usimamizi wa maafa" ni mada. "Kwa nini watu hawahami wanapopewa onyo la kimbunga?" ni nusu ya swali, na limekwishajibiwa sana: wanaogopa wizi, hawataki kuacha mifugo, wanawake hawapati faragha kwenye majengo ya kujihifadhi, onyo lililopita lilikuwa la uongo. Sasa lifinye. Katika vijiji ambako majengo hayo yameongezewa vyumba vya wanawake na zizi la mifugo, je, waliokuwa wakibaki nyumbani sasa wanahama, na kama hawahami, ni sababu gani iliyobaki? Hapo kuna kulinganisha, kuna mahali pa kwenda, kuna watu wa kuhoji, na jibu lolote litakalopatikana, liwe ndiyo au hapana, lina maana.

Swali la namna hiyo ndilo la kumpelekea msimamizi mtarajiwa, kwa kurasa mbili, pamoja na maelezo ya data utakayoifikia na mbinu unayoijua tayari. Soma kwanza makala zake mbili tatu za karibuni. Kama zote ni za modeli za kompyuta na wewe unataka kukaa vijijini, mtapotezeana muda. Waandikie pia wanafunzi wake wa sasa. Waulize anarudisha sura kwa muda gani, wangapi wamemaliza, na walioacha waliacha mwaka wa ngapi.